Matembezi ya Boti Karema na Habari za Meli ya Liemba



Mhariri alinipigia simu huku Dodoma akaniomba makala ya historia kwa ajili ya gazeti la mkutano wetu, akatoa na sharti kwamba isifanane na noti za Kidato cha Nne. Nimejitahidi. Wale tuliosoma pamoja mtakumbuka kwamba katika somo hilo mimi nilikuwa hodari wa kukariri miaka, na kwamba kukariri kwenyewe kulinifikisha mbali. Leo nataka kueleza mahali kulikonipunguzia.

Mwaka jana wakati wa likizo niliwapeleka mke wangu na watoto nyumbani kwetu Magamba, jirani na mji wa Mpanda. Watoto walikuwa wamekwisha kuniomba likizo ya pwani. Wenzao huenda Bagamoyo na Unguja, hupanda boti za kuzungusha watalii, kisha hurudi na picha. Nikawaambia pwani tunayo, ila maji yake hayana chumvi. Tukakaa Magamba siku nne kwa bibi yao, siku ya tano tukateremka Karema, kwenye Ziwa Tanganyika, mwendo wa zaidi ya kilometa 100 kupitia Majalila.

Sisi watu wa Magamba hatukulelewa na maji. Sisi ni watu wa msitu, asali, mahindi, na kwa upande wa machimbo, madini ya risasi, ambayo ndiyo yaliyoleta reli kutoka Kaliua hadi Mpanda mwaka 1950. Ziwa kwetu lilikuwa mahali dagaa na migebuka ilikotoka ikiwa imekwisha kukauka. Kwa hiyo nilipofika ufukweni na kumwendea mzee mmoja mwenye boti ya mbao na injini, nilikuwa mgeni kama watoto wangu. Tulisalimiana vizuri, tukapatana bei ya mafuta na ya kazi yake, akatuvalisha majaketi ya kuokolea, kisha akauliza, "Sasa mnateremkia wapi, bwana mkubwa? Ikola?"

Nikamjibu, "Papa hapa tulipopandia, mzee."

Akanitazama. Akamtazama na mke wangu, kama anayetaka kujua kama ninaumwa. "Yaani twende, halafu turudi?"

"Ndiyo, mzee. Kutembea tu."

Akacheka, akavuta kamba ya injini, akasema kwamba katika miaka yake yote ziwani alikuwa hajapata kumpakia mtu mweusi asiye na mzigo, asiye na mgonjwa, na asiyekwenda msibani. Alisema kwa mzaha, walakini maneno yale ndiyo yaliyonifanya niandike makala hii.

Maana historia ya matembezi katika ziwa lile ni ndefu. Mwaka 1871, baada ya Stanley kumkuta Livingstone pale Ujiji, wazee wale wawili walikaa yapata majuma manne wakizunguka sehemu ya kaskazini ndani ya mtumbwi waliouazima kwa Mwarabu Said bin Majid. Walitaka kuona kama mto Rusizi unatoka ziwani au unaingia, wakakuta unaingia. Mwaka 1876 Stanley akarudi, safari hii akiwa na mashua yake mwenyewe, Lady Alice, iliyokatwa vipande ikabebwa na wapagazi kutoka Bagamoyo, naye akalizunguka ziwa lote kwa siku 51. Katika safari zote mbili, wao walikaa wakatazama milima na kuandika. Waliopiga makasia walikuwa watu wa Ujiji na wa pwani, na hao ndio wazazi wa yule mzee wa boti kwa namna ya kazi: watu wa majini ambao kila walipokwenda walikuwa wakimpeleka mtu mwingine anakotaka.

Boti ilipofika mbali kidogo nilimwomba mzee apunguze mwendo ili watoto waione Karema kutoka majini. Jengo la misheni huonekana juu likiwa mbali na maji, na binti yangu, aliye Kidato cha Pili, akauliza kwa nini watu wa ziwa wajenge mbali na ziwa. Swali zuri. Hawakujenga mbali. Mwaka 1879 Kapteni Cambier, Mbelgiji aliyetumwa na chama cha Mfalme Leopold wa Pili, alipoweka ngome yake hapo, maji yalikuwa karibu. Lakini miaka ile ile ziwa lilikuwa limejaa hata likaufungua mlango wake wa magharibi, mto Lukuga, maji yakaanza kukimbilia Kongo, na kina kikashuka mwaka baada ya mwaka. Wabelgiji wakabaki na ngome ya pwani isiyo na pwani. Mwaka 1885 wakawaachia Mapadri Weupe, nao wakaendelea kujenga juu ya kazi ile ile.

Hapo Karema ndipo Wabelgiji walipokusudia kuleta tembo wa kufugwa. Mwaka huo wa 1879 walishushwa tembo wanne wa Kihindi pwani karibu na Dar es Salaam, pamoja na walezi wao, ili waje huku wafanye kazi ya wapagazi. Hesabu ilikuwa kwamba tembo mmoja atabeba mizigo ya watu wengi, wala hataomba posho ya nguo na shanga. Walikufa. Kiongozi wao, Kapteni Carter, aliuawa mwaka 1880 Upimbwe, si mbali na kwetu, katika vita vya Mirambo na wenzake. Mizigo ikarudi vichwani mwa watu. Ng'ambo ya pili, milima ya Kongo tuliyokuwa tukiitazama siku ile, Luteni Storms aliyetoka hapo hapo Karema alimpiga vita mtemi Lusinga mnamo Desemba 1884, akamkata kichwa, na fuvu lake likapelekwa Ubelgiji. Hili sikuwaeleza watoto ndani ya boti.

Sasa niingie katika habari ya meli, kwa sababu mwanangu mdogo ndiye aliyeuliza meli kubwa iko wapi. Nilikuwa nimemsifia Liemba tangu tulipotoka Dodoma. Mzee wa boti akamjibu kwamba iko Kigoma na haijabeba abiria tangu mwaka 2018. Mkataba wa matengenezo makubwa ulikwisha kutiwa saini, na hilo nalifahamu kwa kazi yangu, walakini siku ile majini palikuwa na mitumbwi ya wavuvi na sisi tu.

Mimi Liemba niliipanda mara moja, Desemba 1997. Wenzangu watatu tuliokuwa tukitoka Mkoa wa Rukwa wa wakati ule watakumbuka. Mvua za El Niño zilikuwa zimeanza, treni zilikuwa hazina uhakika, tukaamua kurudi nyumbani kwa kupitia ziwani. Tulikaa daraja la tatu, juu ya magunia, katikati ya kuku, mananasi na ndoo. Mwaka huo huo meli ile ilikuwa imewarudisha Kongo wakimbizi zaidi ya 75,000, na harufu ya dawa za kusafishia bado ilikuwamo. Sisi tulikuwa tunaingia mwaka wa mtihani. Nilikuwa na daftari la historia mkononi, na nilikuwa nimefika kwenye Vita Kuu ya Kwanza katika Afrika Mashariki.

Kando yangu alikaa mzee mmoja aliyekuwa akielekea Kirando. Nilimwamkia, akanipa nusu ya muhogo wake. Akaniuliza ninasoma nini, nikamwambia ninasoma habari za meli hii hii tuliyomo. Akafurahi mno. "Basi mjukuu wangu, kaa nikueleze. Baba yangu alikuwapo Kigoma ilipokuwa inaunganishwa. Alibeba vyuma vyake. Nitakutajia hata na wenzake aliokuwa nao."

Nami, ndugu zangu, nikamwambia, "Babu, hayo hayatoki kwenye mtihani." Nikafungua daftari langu. Baada ya kurasa mbili nikalala, nikaamka Karema, wakati wa kuteremka kwenye mitumbwi iliyokuja kutupokea ubavuni mwa meli. Yule mzee alinisaidia kushusha sanduku langu la bati.

Yaliyokuwa yanatoka kwenye mtihani ni haya, na ni habari nzuri, sizidharau. Meli ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, katika karakana ya Meyer, ikapewa jina la Graf von Goetzen, aliyepata kuwa gavana wa Kijerumani hapa kwetu. Ilipokwisha kuundwa ikafunguliwa tena, ikatiwa katika makasha yapatayo 5,000, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam, kisha kwa reli ya kati, ambayo ilifika Kigoma mwanzoni mwa 1914. Mafundi watatu wa Kijerumani walikuja nayo: Rüter, Tellmann na Wendt. Wao, pamoja na vibarua wa Kiafrika na mafundi wa Kihindi, waliiunganisha upya ribiti kwa ribiti, meli yenye urefu wa mita 71 hivi, ikashushwa majini tarehe 5 Februari 1915 vita vikiwa vimekwisha kuanza. Ikafungwa mzinga mkubwa uliotoka katika manowari Königsberg iliyozamishwa Rufiji.

Waingereza nao wakaleta maboti mawili madogo yenye injini kutoka London. Yalipitia Cape Town, yakapanda treni hadi Katanga, yakakokotwa juu ya milima ya Mitumba kwa mashine za mvuke, ng'ombe na watu, yakaelea katika mto Lualaba, yakapanda treni tena, yakashushwa ziwani Desemba 1915. Kamanda wao, Spicer-Simson, alitaka kuyaita Mbwa na Paka. Wakubwa wake wakakataa, akayaita Mimi na Toutou, ambazo kwa Kifaransa ni sauti na jina la kubembelezea wanyama hao hao. Mwalimu wetu alipolitaja jina la Mimi darasani, mtakumbuka kicheko kilichozuka. "Nani aliikamata Kingani tarehe 26 Desemba 1915?" "Mimi, mwalimu!" Na kweli ni Mimi na Toutou walioikamata Kingani, boti ya Kijerumani yenye jina la mto wetu Ruvu, na tarehe 9 Februari 1916 Waingereza wakaizamisha Hedwig von Wissmann.

Goetzen yenyewe haikupata kupigana nao. Reli ilipokaribia kuangukia mikononi mwa Wabelgiji, Wajerumani waliondoka, lakini mafundi wale hawakuwa na moyo wa kuiharibu kazi yao. Waliipaka grisi mitambo yote, wakaijaza mchanga, wakaizamisha taratibu karibu na mdomo wa mto Malagarasi, tarehe 26 Julai 1916. Wabelgiji wakaiibua, ikazama tena. Waingereza wakaiibua tarehe 16 Machi 1924, wakakuta grisi imefanya kazi yake. Tarehe 16 Mei 1927 ikarudi majini kwa jina la Liemba, jina la kale la wenyeji kwa ziwa hilo, ambalo Livingstone alilisikia upande wa kusini. Mvuke uliondolewa miaka ya 1970, ikatiwa injini za dizeli. Mwaka 1951 ilitoka sinema ya Kimarekani, The African Queen, iliyochota kisa chake katika vita vile, ingawa hawakuipiga katika Ziwa Tanganyika.

Haya yote niliyaandika kwenye mtihani, nikapata alama nzuri. Baadaye Chuo Kikuu niliyasoma tena kwa marefu. Nikiwa kazini, kila nilipopata nafasi ya kuingia maktaba, nilitafuta kitu kimoja tu: nani walibeba makasha yale. Sikutafuta idadi. Idadi za vita zipo: wapagazi wa upande wa Waingereza waliokufa wanahesabiwa kwa makumi elfu, na Kariakoo ya Dar es Salaam imebeba jina la jeshi hilo la wapagazi hadi leo, ingawa anayekwenda kununua vitenge pale hana habari. Nilitafuta majina. Ya mafundi watatu wa Papenburg nimekwisha kuyataja. Jina la kamanda wa Mimi lipo, na hata sketi aliyopenda kuvaa imeandikwa. Tembo wa Wabelgiji waliandikwa majina. Mmoja aliitwa Pulmalla. Mtu aliyeshika upande wa pili wa kasha pale Kigoma mwaka 1914 sijamkuta popote, na mwanawe alipotaka kunitajia mimi nilikuwa na mtihani.

Kuna mtu mmoja wa Karema ninayemjua kwa jina lake, na ni vema nimtaje, kwa sababu anaonyesha kwamba haikuwa lazima iwe hivi. Ni Adrian Atiman. Alizaliwa nchi ya Mali, akatekwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na Mapadri Weupe, akasomeshwa udaktari Malta, akaletwa Karema mwishoni mwa miaka ya 1880. Alioa binti wa mtemi wa Kibende. Alitibu watu wa pwani ile kwa zaidi ya miaka 60, hadi alipofariki mwaka 1956. Bibi yangu alikuwa akimtaja Daktari Atimani kama mtu wa ukoo wetu, ingawa hakumwona hata siku moja. Sifa zake zilikuwa zimefika Magamba kwa miguu. Nasi tunazijua habari zake kwa undani kwa sababu aliketi, mzee wa karibu miaka 80, akaandika maisha yake, na yakachapishwa mwaka 1946. Watoto niliwaonyesha mahali alipofanyia kazi. Walisikiliza zaidi habari za yeye kutekwa kuliko za mizinga.

Turudi botini. Jua lilikuwa linashuka upande wa Kongo, na wavuvi wa dagaa walikuwa wakiandaa taa zao. Mke wangu, ambaye si mtu wa historia, ndiye aliyemuuliza yule mzee, "Wewe baba, kazi hii ulirithi kwa nani?" Akasema kwa baba yake. Na baba yake? Akasema babu yake hakuwa mvuvi. Alikuwa mtu wa Ukonongo, wa bara kama sisi. Alichukuliwa wakati wa vita kubeba mizigo hadi Kigoma, alipoachiliwa akaona aibu kurudi nyumbani mikono mitupu, akafuata pwani kwa miguu hadi akakwama Karema. Huku aliitwa kwa jina ambalo maana yake ni mtu aliyeshindwa njia. Jina lake halisi mzee wa boti hakulijua, ila alisema yuko dada yake mkubwa upande wa Ikola, anajiweza bado, huenda analo.

Nikapapasa mfuko wa shati. Mtumishi wa Serikali wa miaka zaidi ya 20, sikuwa na kalamu. Binti yangu akayaandika katika simu yake, akamwomba mzee arudie mara mbili, na akauliza njia ya kwenda kwa huyo dada yake. Ikola hatukufika, likizo ilibaki siku mbili na gari lilikuwa la kuazima.

Tuliteremka pale pale tulipopandia. Nilimlipa mzee, akarudisha sehemu ya fedha ya mafuta, akisema kwamba safari isiyokwenda mahali haiwezi kula mafuta kiasi kile.

Katika Agosti ijayo, Mungu akipenda, nitakwenda Ikola. Wenzetu mnaotoka Kirando, Kasanga, Kabwe, Kigoma na Karema kwenyewe, kama mnaye mzee nyumbani ambaye baba au babu yake alibeba, alipiga makasia, alichochea kuni katika stima au alipiga ribiti pale Kigoma, nioneni siku ya mkutano kabla ya chakula cha mchana. Nitakuwa nimekaa meza ya karibu na mlango wa bwalo. Safari hii nitakuwa na daftari, na kalamu mbili.